Mhariri hajajibu: maswali yenu kuhusu barua za magazeti ya Kikatoliki karne ya 19

Toleo lililopita nilitaja kwa mistari mitatu tu kwamba Padre Gerard Manley Hopkins, Mjesuiti na mshairi wa Uingereza, alikataliwa shairi lake na gazeti la shirika lake mwenyewe, nikaendelea na mambo mengine. Basi barua zikaja. Nyingine ndefu kuliko safu yenyewe, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yaani hawa wahariri wa Kikatoliki wa miaka ya 1800 waliishije na watu waliokuwa wanawaandikia? Nimechagua saba, nimezipunguza ili zitoshe, na majina nimeyaacha kwa ombi la wenyewe.

Tumsifu Yesu Kristo. Mi ni kijana, naandika insha na mashairi ya dini. Huu mwezi wa saba tangu nitume kazi yangu kwenye gazeti moja, hamna jibu, hata la kusema hapana. Hivi na hao wahariri wa zamani walikuwa hivi au ni sisi wa siku hizi ndio tunadharauliwa?

Milele amina mdogo wangu. Miezi saba ni mingi, na sitakwambia vumilia tu, maana najua unavyofungua simu kila asubuhi kuangalia kama imeili imeingia. Ngoja nikusimulie ya Francis Thompson, alafu utaona.

Huyu alizaliwa 1859 Uingereza, familia ya Kikatoliki, akapelekwa seminari ya Ushaw, wakubwa wakaona upadre sio wito wake. Akasomea udaktari Manchester miaka sita, akafeli. Akaanza kutumia afyuni, na mwisho wa 1885 akaondoka kwao kwenda London, ambako maisha yake yakawa ya mitaani, kuuza viberiti, kushikilia farasi za watu, kulala popote. Katika hali hiyo akaandika insha na mashairi kadhaa kwenye karatasi zilizochakaa, na Februari 1887 akaenda mwenyewe kwa miguu mpaka ofisi ya Wilfrid Meynell mtaa wa Essex, mhariri wa gazeti la mwezi la Kikatoliki lililoitwa Merry England, akautumbukiza ule mzigo kwenye sanduku la barua mlangoni, bila stempu, kwasababu aliona haina haja. Ndani aliweka barua. Barua hiyo ipo mpaka leo na kila nikiisoma nanyamaza kidogo. Anaomba radhi kwa uchafu wa karatasi, anasema sio uzembe, ni kwa ajili ya mahali pa ajabu alipoandikia. Anasema ameweka bahasha yenye stempu kwa ajili ya jibu lakini hataki kurudishiwa kazi yake, maana hukumu ya mhariri kwamba haifai ataichukua kuwa ya mwisho. Anamalizia "wako mwenye matumaini kidogo", alafu chini anaongeza kwamba barua ya kumkataa itumwe Posta ya Charing Cross. Umeona? Barua ya kumkataa. Hakufikiria hata kwamba inaweza ikawa ya kumkubali.

Meynell alikuwa na kazi nyingi kweli, pamoja na Merry England alikuwa anaendesha gazeti la wiki la Weekly Register, na zile karatasi chafu zikawekwa pembeni. Zikakaa kama nusu mwaka. Alipokuja kuzifungua akaona mara moja kwamba huyu ni mshairi hasa, akamwandikia pale Charing Cross, na barua ikarudi, mwenyewe hajaenda kuichukua. Sasa utampataje mtu asiye na nyumba? Meynell akaamua kulichapa shairi moja kwenye toleo la Aprili 1888, labda mwenyewe ataliona au kuna mtu atamwambia. Na kweli akaambiwa, na tarehe 14 Aprili akaandika tena, safari hii ana uchungu na ana haki, anasema tangu siku ile mpaka leo hakuna jibu lililofika mikononi mwake, mwaka umepita, na sasa anaambiwa shairi lake limo gazetini, naomba maelezo.

Barua ile ya pili ilikuwa na anuani ya duka la dawa Drury Lane, Meynell akamwandikia, akaenda mpaka pale dukani, akamlipia na deni alilokuwa anadaiwa. Siku moja mlango wa ofisi ukafunguliwa kidogo, ukaonekana mkono, ukafungwa, ukafunguliwa tena ukafungwa, mara ya tatu ndio mtu akaingia, koti bila shati ndani, miguu mitupu kwenye viatu vilivyopasuka. Kuanzia hapo Meynell na mkewe Alice, ambaye naye alikuwa mshairi, hawakumwacha tena mpaka alipofariki 1907. Walimpeleka akatibiwe, wakampeleka kwa watawa wa Storrington kule Sussex apumzike na ile afyuni, na lile shairi lake kubwa kuliko yote, la Mungu anayemfuatia mwanadamu kama mbwa wa mwindo, lilitoka kwenye hilohilo gazeti la Merry England Julai 1890.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili, wahariri wa zamani nao walikalia kazi za watu, na waliumiza watu. Nampenda Meynell kwa yote aliyofanya baadaye lakini ile nusu mwaka ilikuwa kosa, mtu angeweza kufa kabisa pale mtaani bahasha ikiwa kwenye droo. Wewe waandikie tena, barua fupi ya heshima, taja tarehe uliyotuma na jina la kazi yenyewe, weka anuani na namba ambazo hutabadilisha kesho, na nakala usiiachie. Kuuliza sio utovu wa adabu. Thompson aliuliza akiwa hana hata shati.

Mhariri habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa dini mstaafu. Kwenye jumuiya yetu mtu mmoja alisema Mtakatifu Newman aliwahi kuwa mhariri wa gazeti na askofu akamfukuza. Nikamkatalia mbele za watu. Sasa nataka kujua kama nilikosea.

Shikamoo mwalimu. Hujakosea sana na yeye hajakosea sana. Hakufukuzwa, aliombwa aache, akakubali siku hiyohiyo. Lakini kilichofuata ndio kizito kuliko kufukuzwa.

Gazeti lenyewe ni The Rambler, lilianzishwa 1848 na John Moore Capes, mwongofu kutoka Anglikana. Ilipofika 1858 lilikuwa mikononi mwa Richard Simpson na kijana wa miaka 24 anaitwa John Acton, wasomi walei wote wawili, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, na walikuwa wanaandika mambo ambayo maaskofu hawakuzoea kuyasoma kutoka kwa walei. Mwanzoni mwa 1859 wakachapa makala zilizopinga msimamo wa maaskofu kuhusu tume ya serikali ya kukagua elimu. Maaskofu wakasema Simpson atoke. Nani atakubalika na pande zote? Padre John Henry Newman wa Birmingham. Alikuwa na miaka 58, hakuitaka kazi hiyo hata kidogo, aliichukua kwasababu aliona asipoichukua gazeti litalaaniwa hadharani na wale wasomi wataumia.

Toleo lake la kwanza, Mei 1859, likawa na maneno machache ya kusema kwamba hakika maaskofu wangependa kujua maoni ya walei kwenye jambo linalowahusu walei. Hayo tu. Barua za malalamiko zikaanza, ya kwanza kabisa kutoka kwa profesa wa teolojia pale Ushaw. Tarehe 22 Mei askofu wake, Ullathorne wa Birmingham, akaja kumwona. Newman aliandika kumbukumbu ya mazungumzo yale, na kwenye kumbukumbu hiyo askofu anauliza kitu kama "walei ni kina nani?" na Newman anajibu, anavyokumbuka mwenyewe, kwamba Kanisa lingeonekana la ajabu bila wao. Mwisho wa mazungumzo askofu akashauri aache uhariri baada ya toleo la Julai, akasema sawa.

Ila toleo la Julai lilikuwa bado ni lake. Humo akachapa makala ndefu, bila jina kama ilivyokuwa kawaida, inayoonyesha kwa historia kwamba wakati wa mgogoro wa Arius karne ya 4, padre aliyekana kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba, waamini wa kawaida ndio waliishika imani kwa nguvu wakati maaskofu wengi wameyumba. Askofu Brown wa Newport akaishtaki makala hiyo Roma.

Hapa mwalimu naomba uniazime sikio, kwa maana ndio kiini cha maswali yote ya leo. Januari 1860 Newman alipopata habari kwamba ameshtakiwa akamwandikia Kardinali Wiseman, askofu mkuu wa Westminster, ambaye alikuwa Roma wakati ule, akasema nionyesheni ni sehemu zipi zina shida nitazieleza zote. Idara ya Uenezaji wa Imani, ofisi ya kule Roma, ikaandaa orodha ya zile sehemu, ikampa Wiseman amfikishie. Wiseman hakuifikisha. Alikuwa mgonjwa, ana mambo mengi, na Newman akaambiwa tu kwamba Kardinali akirudi Uingereza mambo yatakwisha. Akakaa akisubiri, jibu halikuja, akadhani yamekwisha kweli. Kumbe Roma nao wanasubiri, na kwao ilionekana kwamba Newman ameulizwa na amegoma kujibu! Ilikuwa hivyo miaka saba. Wiseman akafa 1865. Ni mwaka 1867 ndio rafiki yake Newman, Padre Ambrose St John, alipokwenda Roma akaambiwa hiyo habari ana kwa ana na kutoka pale ndio ikajulikana kwamba kulikuwa na orodha ambayo mhusika hakuwahi kuiona.

Miaka saba mtu anaonekana mkaidi kwa barua ambayo haikutumwa. Alikuja kufanywa kardinali 1879 na Papa Leo wa 13 na akatangazwa mtakatifu 2019. Kwenye jumuiya waambie hivyohivyo, na huyo mwenzako mpe mkono.

Kwanini makala zilikuwa hazina majina? Si ni woga?

Woga ulikuwepo kidogo, ila hasa ilikuwa desturi ya majarida yote ya Uingereza wakati ule, ya Kikatoliki na yasiyo ya Kikatoliki, kwamba anayesema ni jarida lenyewe, "sisi", sio fulani. Faida yake mlei au mwanamke au padre kijana aliweza kuandika bila watu kuangalia kwanza cheo chake. Hasara yake lawama zote zilimwangukia mhariri, na hiyo ndio sababu mhariri alikuwa anaandika barua nyingi sana kabla ya kuchapa, toa hiki, lainisha hiki, hili jina usilitaje. Tunajua leo nani aliandika nini kwa sehemu kubwa kutokana na barua hizo. Za Acton na Simpson peke yake zimechapishwa mijalada mitatu kati ya 1971 na 1975, na ukizisoma unaona watu wawili wanaoandikiana muda wote, Acton akiwa Aldenham kule Shropshire au safarini, Simpson akiwa Clapham karibu na wachapaji, wanagawana makala, wanatafuta nani ajaze kurasa zilizobaki. Mimi napenda zile za haraka haraka kuliko zile za kujadili falsafa.

Walikuja kubadilisha The Rambler ikawa Home and Foreign Review mwaka 1862, na Aprili 1864 Acton akaifunga mwenyewe baada ya barua ya Papa Pius wa 9 kwa askofu mkuu wa Munich iliyosema wasomi Wakatoliki wafuate na maamuzi ya ofisi za Roma, sio mafundisho rasmi ya imani peke yake. Acton aliona hawezi kuendelea kwa uaminifu wa pande zote mbili, akaandika makala ya mwisho ya kueleza, akafunga.

Nimesoma ulichoandika juu ya Hopkins nikakasirika. Mhariri gani huyo anamkataa Hopkins?

Anaitwa Padre Henry James Coleridge, na alikuwa rafiki wa Hopkins, Hopkins mwenyewe alimwita rafiki yake wa siku nyingi kuliko wote ndani ya shirika la Wajesuiti. Kwa hiyo punguza hasira kidogo, sikiliza kwanza.

Desemba 1875 meli ya Kijerumani, Deutschland, ilikwama kwenye mchanga karibu na mdomo wa mto Thames, na kati ya waliokufa walikuwemo masista watano Wafransisko waliofukuzwa Ujerumani na sheria za serikali dhidi ya Kanisa. Hopkins alikuwa anasoma teolojia St Beuno's kule Wales, hakuwa ameandika shairi la maana kwa miaka saba kwa hiari yake, mkubwa wake akasema natamani mtu angeandika shairi juu ya hili, naye akaandika, beti 35 za mistari minane minane, mistari 280, kwa mizani ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Alafu akamwandikia Coleridge, mhariri wa The Month, gazeti la Wajesuiti, na alichofanya mimi nakipenda, alimwambia kabisa kwamba najua wewe binafsi hutalipenda, ila usiangalie unachopenda wewe, angalia wasomaji. Coleridge akajibu kwamba huko Marekani kuna ushairi mpya usio na vina wala mizani wala maana, sasa kama la kwako lina vina, lina mizani, linaeleweka na halina upuuzi wala maadili mabaya, haoni kwanini lisifae. Hopkins akalituma. Kimya. Akaulizia, akaambiwa litachapwa kama akikubali kuondoa zile alama za kuonyesha mkazo wa mizani. Likasogezwa toleo, likasogezwa tena, mwisho halikutoka. Miaka miwili baadaye Hopkins anamwandikia rafiki yake kwamba walilikubali kwanza, wakaja kujitoa, hawakuthubutu kulichapa. Mwaka 1878 akawapelekea jingine la meli nyingine iliyozama, Eurydice, nalo likakataliwa. Baada ya hapo hakuhangaika nao tena.

Alikufa 1889. Mashairi yake yalitolewa kitabu 1918 na rafiki yake Robert Bridges aliyekuwa amezitunza barua na nakala zake zote, na Bridges hata hakuwa Mkatoliki.

Sasa hukumu yangu. Kulikataa lile shairi naelewa, hata leo wasomaji wengi wanalikimbia ubeti wa pili. Kilichonikera ni ule mtindo wa ndiyo ambayo ni hapana, kumweka mtu toleo baada ya toleo. Rafiki yako akikuletea kitu ambacho huwezi kukichapa, mwambie wiki hiyohiyo na mwambie sababu.

Posta ilikuwa bei gani wakati huo? Nauliza kwasababu baba yangu alifanya kazi posta maisha yake yote.

Swali zuri na watu hawaliulizi. Uingereza kabla ya 1840 barua ililipiwa kwa umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi anayelipa ni anayepokea! Fikiria basi mhariri wa Dublin Review, jarida lililoanza London 1836, analetewa makala ya karatasi 40 kutoka mbali, anailipia hata kama haifai. Wabunge walikuwa na haki ya kutuma barua bure, na mmoja wa waanzilishi wa jarida hilo, pamoja na Wiseman na Michael Quin, alikuwa Daniel O'Connell, mbunge. Tarehe 10 Januari 1840 ikaanza peni moja kwa barua ndogo popote ndani ya nchi, Mei stempu ikatoka, na hapo ndio mwandishi asiyejulikana, mwalimu wa kijijini, mama wa nyumbani, akaweza kumwandikia mhariri kwa gharama yake mwenyewe. Ile bahasha yenye stempu ya Thompson isingekuwepo bila mabadiliko haya. Msalimie sana mzee, na kama ana kumbukumbu za kazi yake aziandike.

Dada mhariri, habari zako zote za kusikitisha. Hivi hapakuwa na mhariri hata mmoja mwema? Na wanawake je?

Walikuwepo dada yangu, wote wawili, wahariri wema na wanawake. The Month ile iliyomkataa Hopkins ilianzishwa 1864 na mwanamke, Frances Margaret Taylor, aliyekuwa ameuguza wanajeshi kwenye vita ya Crimea, akawa Mkatoliki 1855, na baadaye akaanzisha shirika la masista. Aliendesha gazeti mwaka mmoja hivi kabla Wajesuiti hawajalichukua 1865, na ni katika kipindi hicho Newman alichapa humo lile shairi lake refu la mzee Gerontius anayekufa, Mei na Juni 1865, ambalo Elgar alikuja kulitia muziki 1900.

Lakini ukitaka mhariri mwema wa kupokea barua, nakupa Padre Matthew Russell, Mjesuiti wa Dublin. Alianza Irish Monthly 1873 na akalihariri mpaka alipokufa 1912. Karibu miaka 40 mtu mmoja anajibu barua! Vijana walioanzia au kupita kwake ni wengi, Katharine Tynan, Rosa Mulholland, Yeats alipokuwa bado mdogo, na Oscar Wilde akiwa mwanafunzi Oxford. Huyu Wilde hakuwa Mkatoliki wakati ule, na mwaka 1877 alimpelekea Russell makala juu ya kaburi la Keats, mshairi wa Uingereza, kule Roma na shairi ndani yake, ambamo alisema "nchi yetu ya Kiingereza". Russell akamwandikia kwamba wasomaji wangu ni Waireland, hilo neno "yetu" litawachoma. Wilde akajitetea, akasema ni heshima kuhesabiwa taifa moja na Keats na Shakespeare, ila nimebadilisha, sitaki kuwaumiza wasomaji wako kwa vyovyote.

Tazama hapo, neno moja tu. Mhariri amelisoma shairi kwa makini mpaka akaliona hilo neno, ameeleza kwanini, mwandishi amesema anachoamini, amebadilisha, na wameendelea kuandikiana. Kijana yule alipata mtu aliyesoma kila neno lake akiwa bado hajulikani. Mi nikiambiwa nichague mhariri mmoja wa karne ile wa kumpelekea kazi yangu naenda kwa Russell bila kufikiria mara mbili.

Na kwetu Afrika Mashariki? Wamisionari walikuwa wanaandika sana. Barua zao nazo zilihaririwa au zilichapwa kama zilivyo?

Zilihaririwa, na tukizisoma lazima tulijue hilo. Kule Lyon, Ufaransa, kulikuwa na Shirika la Kueneza Imani lililoanzishwa 1822, likichapa kumbukumbu zilizojaa barua za wamisionari, na mwaka 1868 likaanzisha gazeti la kila wiki, Les Missions Catholiques. Mwaka huohuo Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao walikuwa Zanzibar tangu 1863, walifungua misheni Bagamoyo. Kwa hiyo padre wa Bagamoyo alikuwa pia, ukitaka usitake, mwandishi wa gazeti. Alijua kwamba kinachosomwa Lyon ndicho kinacholeta michango ya kuendesha shule na kuwakomboa watumwa, na mhariri naye alijua wafadhili wanataka kusoma nini, akakata, akapanga, akaacha yanayogusa. Ugomvi wa wamisionari wenyewe kwa wenyewe, uchovu, mashaka, hayo mara nyingi yalibaki kwenye barua ya mkono. Anayetaka historia kamili asome zote mbili, iliyochapwa na ya mkono.

Kardinali Lavigerie wa Algiers, aliyewaanzisha Mapadre Weupe 1868, yeye aliweka utaratibu. Kila kituo kiandike shajara ya kila siku na nakala ipelekwe makao makuu, huko ndiko yalikotolewa matoleo ya kila miezi mitatu kuanzia 1879, kwa ajili ya ndani ya shirika. Ndio maana tunajua mambo ya Buganda karibu siku kwa siku tangu Padre Siméon Lourdel alipofika na Bruda Amans Februari 1879, pamoja na zile siku ngumu za 1886 walipouawa mashahidi kina Karoli Lwanga. Barua hizo zilibebwa na misafara kwa miguu mpaka pwani, alafu meli, na jibu la swali lililoulizwa mwezi wa kwanza lingeweza kukukuta mwaka umeisha. Mhariri wa Ulaya hakuwa na namna ya kuuliza "hapa ulimaanisha nini?" kwahiyo alikisia, na baadhi ya majina ya watu na mahali yalivyopotoka kwenye magazeti yale yanatokana na hapo.

Aliyewarahisishia kazi ni Padre Alexandre Le Roy, aliyefika Zanzibar 1881. Mwaka 1890 alipanda mpaka Kilimanjaro pamoja na Askofu de Courmont na Padre Gommenginger kutafuta mahali pa misheni, na habari ya safari ile akaiandikia Les Missions Catholiques kwa mfululizo, tena akachora picha mwenyewe, watu, mizigo, milima, vivuko vya mito. Gazeti likazitumia picha zake, na mfululizo ukaja kuwa kitabu. Aliondoka akawa askofu Gabon 1892. Kama kuna msomaji ambaye parokia yake ina matoleo ya zamani ya gazeti hilo kabatini, hata yaliyoliwa na mchwa nusu, naomba aniandikie, nakala ya kurasa za Le Roy naitafuta, na nitamjibu wiki hiyohiyo.